Jumamosi ya Sindano

Mkanda wa Karam ndio ulionivurugia siku. Aliingia karakanani kwangu asubuhi ya Jumanne, mimi nina misumari mdomoni na kipande cha ngozi mapajani, akauvua kiunoni na kunitupia mezani.

"Niongezee tundu, mzee. Suruali inanianguka njiani, watu wa mtaa huu wa Burj Hammud wataona mambo."

Niliutazama ule mkanda nikasahau kutema misumari. Tundu la mwisho nililitoboa mwenyewe, kwa mkono huu, juu ya meza hii hii, haukuwa umepita hata mwezi. Sasa anataka jingine?

"Unafunga, wewe?" nikamuuliza.

"Nani, mimi?"

"Au umepata mwanaume anayekumalizia chakula?"

"Toboa bwana, nachelewa. Kuna bibi mmoja hana meno tangu Ijumaa, anaishi kwa supu." Karam hutengeneza meno ya bandia kule Dora. Ana miaka ishirini na saba, ndiye mdogo wetu, na ana uso ambao ukiutazama sana unaanza kumsamehe kabla hajakukosea. Siku hiyo mashavu yalikuwa yameingia ndani. Nilitoboa. Akajifunga, akavuta pumzi, akageukia mlangoni.

"Na wewe, zile tezi zako za shingoni zimeisha?" akaniuliza.

"Tezi gani? Nilikwambia ilikuwa kibe mbichi, ile nyama ya kusaga ya harusini."

"Kibe mbichi inavimbisha shingo?"

"Ondoka hapa, bibi wa watu ana njaa."

Akaondoka. Nami nikabaki nimeshika kile chuma cha kutobolea kama mtu aliyeua. Kukonda. Mashavu. Tundu la pili. Kila mmoja wetu anajua kukonda kwa namna hiyo kunaweza kuwa nini, na kila mmoja hujitia hamnazo. Mimi nilitaka kumkimbilia pale pale, nimshike kola, nimwambie: Karam, twende ukapimwe leo. Sikuweza. Nilikuwa na sheria, na sheria yenyewe niliitunga mimi.

Ngoja nieleze, maana bila hili hamtanielewa.

Sisi ni wanne. Mimi Zaven, fundi wa mikoba na mikanda, Sarkis, muuza basturma, ile nyama kavu ya viungo, Wadih, mwalimu wa fizikia, na Karam. Mashoga, wanaume wanaopenda wanaume, tuiteni mtakavyo. Mtaani kwetu wanatuita wale wasiooa na mambo yanaishia hapo. Zamani kila mmoja alikuwa anaogopa kivyake. Kupima virusi vya Ukimwi lilikuwa jambo la kwenda umejifunika kofia na miwani ya jua mwezi wa Januari. Mwishowe nilichoka, nikasema: basi, twende wote. Jumamosi moja ya Machi, kila mwaka, wanne kwa pamoja, halafu tunashuka kula kwa Abu Anis karibu na mto. Tukaiita Jumamosi ya Sindano. Anayepata jibu zuri anainua glasi ya araki na kupiga kelele "Safi!" na meza nzima inajibu. Tulicheka mpaka wateja wengine wakadhani tunasherehekea posa.

Ilikuwa kitu kizuri, sikatai. Tatizo ni kwamba mimi nikikipenda kitu sijui kukiacha kiwe kidogo. Mwaka mmoja Wadih alienda kupima peke yake, Agosti, akafanya kosa la kutuambia. Nilimkalisha kwenye kiti katikati ya sebule yangu nikamhoji kama hakimu. "Mshtakiwa, Machi ulikuwa safi. Agosti umeenda tena. Kati ya Machi na Agosti umefanya nini, na nani, na mlango ulikuwa umefungwa?" Watu walicheka wakashika mbavu. Wadih naye alicheka, huku masikio yamemuiva. Tangu hapo ikawa kanuni: anayepima nje ya siku yetu, aje mbele ya meza ajieleze. Na hakuna aliyepima tena nje ya siku. Nilijiona mtu wa maana sana.

Machi iliyopita, Hanadi, yule muuguzi wa kituo cha kupimia, alituambia wote wanne tukiwa tumebonyeza pamba vidoleni: "Jamani, mara moja kwa mwaka haiwatoshi. Njooni kila miezi mitatu."

Nikamjibu, "Dada, kwani mimi ni gari, nibadilishwe oili?"

Kituo kizima kilicheka. Hanadi alitabasamu tu, akasema gari lenyewe likiharibika hutengenezwa. Sikumsikiliza. Mtu akikwambia upime mara nne kwa mwaka, anakwambia wewe ni mchafu mara nne kwa mwaka. Hivyo ndivyo nilivyolichukulia, na nililisema waziwazi, kila mahali, kwa sauti hii ambayo Mungu alinipa ya kuitia watu ng'ambo ya barabara.

Sasa ilikuwa Oktoba. Machi iko wapi? Na yule kijana anakwisha mbele ya macho yangu.

Nilijaribu kufanya kazi. Nikashona mpini wa mkoba upande wa nje, nikaufumua, nikaushona tena upande ule ule. Nikapika kahawa, ikafurika jikoni. Nikakaa, nikasimama. Jenereta la jengo likazimika, nikalitukana, likawaka, nikalitukana tena. Mwishowe nikafunga karakana kabla ya adhuhuri, jambo ambalo sijalifanya hata siku ya msiba wa baba, nikashuka kwa Sarkis.

Sarkis alikuwa anakata basturma nyembamba kama karatasi, harufu ya uwatu imejaa duka zima. Tumekua pamoja tangu shule ya kanisa. Yeye hana haraka na chochote, na mimi hilo huwa linanitia wazimu.

"Karam anakonda," nikasema.

"Nimeona."

"Umeona na unakata nyama?"

"Nikiacha kukata atanenepa?"

"Sarkis, usinichezee leo. Sikiliza. Nimefikiri. Tusogeze ile siku. Tusingoje Machi. Jumamosi hii hii twende wote wanne, kama kawaida, hivyo yeye hatajiona ananyooshewa kidole. Umeipenda?"

Kisu kikasimama. Sarkis alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, mpaka nikataka kumpiga.

"Mimi sitaweza," akasema.

"Kwa nini?"

"Nimepima Septemba."

Nilimtazama. "Umepima Septemba. Bila sisi?"

"Na Juni. Na Machi na nyinyi. Na Desemba. Zaven jan, rafiki yangu, mimi napima kila miezi mitatu, mwaka wa pili sasa."

"Umefanya nini?" Nilisikia sauti yangu ikiwa ile ile ya sebuleni, ya hakimu, na bibi mmoja aliyekuwa anachagua zeituni akageuka. "Una mtu? Una watu? Mbona hukuniambia?"

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Kwa sababu gani?"

"Hiyo hapo. Hiyo unayofanya sasa hivi."

Nikatoa simu nikampigia Wadih, pale pale mbele ya zeituni. Alikuwa darasani, nikasikia watoto wanapiga kelele nyuma.

"Wadih, Jumamosi hii unapima na sisi."

"Wiki hii? Nilienda mwezi jana, habibi." Kisha, "Loh. Nimesema?"

"Umesema!"

"Basi. Ndiyo. Naenda kila likizo ya shule. Nikitoka pale nalala kama mtoto, Zaven, kwa nini ninyimwe usingizi? Tena sijielezi mbele ya mtu, sitaki kile kiti tena."

"Na mkanidanganya kila Machi! Mkanywa araki yangu mkapiga kelele 'Safi!' kama vile roho zilikuwa juu!"

"Araki ilikuwa nzuri," akasema Wadih. "Sikiliza, nina darasa la umeme hapa. Yule ambaye hapimi ni Karam. Mwambie wewe. Wewe ndiye anakusikia."

Akakata. Sarkis naye, bila kuinua macho kutoka kwenye nyama, akasema lile lile: "Nenda wewe. Anakusikia wewe."

Nilitembea kwenda Dora kwa miguu, kwenye jua, huku magari yananipigia honi. Nilikuwa na hasira na Sarkis, na hasira na Wadih, lakini chini yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi ya hasira. Sheria yangu ilikuwa imebakiwa na watu wawili, mimi niliyeitunga na Karam aliyeniamini. Wakubwa walikuwa wameruka ukuta zamani, wakamwacha kijana ndani pamoja nami. Nilijiapiza: kijana huyu nitamtoa leo, hata kwa kumbeba mgongoni. Wallahi niliongea peke yangu njia nzima.

Nilimkuta nje ya maabara yake, amekaa ngazini, anakula tufaha. Tufaha! Adhuhuri, mtu mzima!

"Inuka," nikasema. "Tunaenda kituoni."

"Kituo gani?"

"Kwa Hanadi. Kupima."

Akatafuna taratibu. "Leo si Machi."

"Najua leo si Machi."

"Na anayepima nje ya siku anajieleza mbele ya meza. Si ndivyo? Mimi nimefanya nini, mheshimiwa hakimu?"

"Karam, achana na maneno ya meza. Unakonda. Umekuja na mkanda mara mbili. Naogopa, umesikia? Nimeogopa tangu asubuhi, nimemwaga kahawa, nimeharibu mkoba wa mteja. Ukiwa nao, dawa ipo, unaishi, unazeeka, unakuwa mbaya wa sura kama mimi. Lakini ujue sasa. Usingoje Machi kwa sababu ya upuuzi wa mdomo wangu."

Aliacha kutafuna. Alinitazama kwa namna ambayo wakati ule sikuielewa, macho yakawa na maji, nami nikadhani ni woga.

"Upuuzi wa mdomo wako," akasema. "Rudia hapo."

"Upuuzi wa mdomo wangu! Unataka niandike ukutani?"

"Sawa. Nitaenda. Kwa sharti moja. Unaanza wewe. Kidole chako kwanza, halafu changu."

"Mimi nilipima Machi, sina—"

"Basi tukutane Machi." Akauma tufaha.

"Inuka, mwanaharamu wewe. Nitaanza mimi."

Kituo kipo ghorofa ya nne Ashrafiya, juu ya duka la magauni ya harusi, hivyo mtu akikuona unaingia unamwambia unaolewa. Umeme ulikuwa umekatika na lifti imekwama, tukapanda ngazi. Kufika ya tatu mimi nilikuwa nahema kama mbwa, nimeshika ukuta, na Karam, huyo mgonjwa wangu, alikuwa ananingoja juu bila hata jasho. Nililiona hilo. Nikalipita tu, kama kawaida yangu.

Hanadi alishangaa kuniona. "Zaven! Oili imeisha?"

"Nimemleta huyu," nikasema. "Mimi ni mfano tu."

Akanitoboa kidole. Mara nne kwa mwaka, nilikuwa nikisema, eti mtu atobolewe kama ngozi. Na ni kitone tu, hupati hata muda wa kusema lolote la kuchekesha. Akaweka damu kwenye kile kidubwasha cheupe, akadondosha maji yake juu, akakiweka dirishani kwenye mwanga.

"Dakika kumi na tano," akasema. Kisha akamgeukia Karam. "Na wewe?"

Karam alikuwa ameweka mikono mifukoni.

"Mimi nilipima mwezi jana," akasema. "Niko sawa."

Nilicheka kwanza. Nilidhani ni mzaha. Halafu nikamwona Hanadi anatazama sakafu.

"Mwezi jana," nikasema.

"Na Juni pia. Zaven, kaa chini."

Sikukaa. Nilitoka. Nilishuka zile ngazi zote huku nimebonyeza pamba kidoleni, nikawapita mabibi harusi wa plastiki, nikaingia barabarani, na sikujua naenda wapi, nikaenda tu. Karam alinikuta kwenye kona ya duka la mikate ya manakishi, akanishika mkono, nikauchomoa, akaushika tena.

"Umenidanganya!" Nilipiga kelele. Mwoka mkate akatoa kichwa. "Nimezunguka mji mzima nakulilia wewe! Mkanda! Mashavu!"

"Nimeacha mkate, punda wewe! Nakimbia Kornishi, kando ya bahari, kila asubuhi tangu mwezi wa nane! Kuna mtu huko, anakimbia pia, ana miguu mizuri. Tundu la kwanza lilikuwa la kweli. La pili sikulihitaji. Nililihitaji ulione."

"Kwa nini?"

"Ungekuja?" Sasa alikuwa analia waziwazi, mwoka mkate na wateja wake wanatazama, wala hakujali. "Ningekuja karakanani nikakwambia, Zaven, kapime, ungekuja? Sarkis alijaribu Julai. Ulimwambia nini?"

Nilikumbuka. Nilimwambia akapime akili.

"Juni," akasema Karam, kwa sauti ndogo sasa. "Ulilala na homa wiki nzima. Nilikuletea supu. Ulikuwa na vipele kifuani, mate hayamezeki, shingo imevimba. Ukasema kibe mbichi. Sote tulikula ile kibe, Zaven. Harusi nzima ilikula ile kibe."

Kulikuwa na mtu wa Batrun, kule pwani, mwezi wa tano. Jina lake Rabi, anauza vifaa vya kupigia mbizi, ana kicheko kizuri. Siku nyingi tulikuwa na kondomu na siku moja hatukuwa nayo, na bahari ilikuwa pale, na mimi nilijiambia, Machi nilikuwa safi, naye amesema yuko safi, basi. Sikumwaza tena. Mtu ambaye siku yake ya kuwaza ni moja kwa mwaka, hizo nyingine zote hana haja ya kuwaza. Nilisimama pale kwenye kona, harufu ya viungo vya zaatar inanijia puani, na miguu yangu ambayo haijawahi kutulia mahali ikatulia.

"Naogopa," nikasema.

"Najua."

"Sitaki kurudi juu."

"Najua. Twende."

Tukapanda. Ghorofa ya pili nilikaa ngazini, akakaa nami. Alinishikia ile pamba kidoleni ingawa damu ilikuwa imekata zamani. Hakuniambia nisiogope, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Umeme ulikuwa umerudi na taa ya kituoni ilikuwa kali mno. Hanadi hakukichukua kile kidubwasha mpaka nilipokaa. Mstari mmoja ni salama, hilo nalijua, nimeuona ule mstari mmoja kila Machi nikaupigia kelele. Ilikuwa miwili. Wa pili haukuwa hafifu, haukuwa wa kubahatisha. Ulikuwa mwekundu kama uzi ninaoshonea mikoba ya bei ghali.

Hanadi aliongea polepole. Damu nyingine itatolewa mkononi ili kuhakikisha. Kisha kidonge, kimoja kila siku, na baada ya miezi kadhaa virusi vikitulia kabisa damuni sitamwambukiza mtu. Nikamuuliza swali moja tu.

"Ningengoja Machi?"

"Ungeishi pia, Inshallah," akasema. "Lakini mwili wako ungekuwa umepigana peke yake miezi mingine mitano, na wewe hujui kama kuna vita. Na yeyote utakayekuwa naye asingejua." Akavua glavu. "Juni ungetuambia shingo inauma, tungekupima siku ile."

Nilimpigia Rabi nikiwa bado kwenye kile kiti, kwa sababu nilijijua, nikiinuka sitapiga. Nilimwambia bila kupamba. Akasema yeye mara ya mwisho alipima miaka miwili nyuma, kwani alijisikia vizuri tu. Nikamwambia aende leo. Sikumhoji. Nilisikia maswali yote yakija mdomoni, na nani, lini, mlango ulikuwa umefungwa, nikayameza moja moja.

Tuliposhuka nilitaka kwenda nyumbani. Karam akasema tule kwanza. Nikasema sina njaa, akasema yeye anayo, amekula tufaha tu tangu asubuhi. Akaniburuta mpaka kwa Abu Anis, na pale, kwenye meza yetu, siku ya Jumanne, walikuwa wamekaa Sarkis ambaye hafungi duka lake hata vita vikipigwa, na Wadih na begi lake la shule.

Nilisimama mlangoni. "Mnafanya nini hapa?"

"Tunakula," akasema Wadih. Mbele yake hakukuwa na sahani.

Kumbe wote walijua. Watatu walipanga mambo kama wezi wa ng'ombe, simu hadi simu, na "Mwambie wewe, anakusikia wewe." Ningekuwa na nguvu ningepindua meza. Nilikaa. Abu Anis, ambaye haulizaulizi, alileta araki na barafu na glasi nne, akaziweka kama anavyoziweka kila Machi.

Hakuna aliyegusa. Lile neno lilikuwa limekaa mezani pamoja nasi, lile nililolipigia kelele miaka yote hiyo, na kila mtu alikuwa anajitahidi kutolitazama. Sikuwahi kufikiri kwamba likiwa halikuhusu linaumiza hivyo.

"Mistari miwili," nikasema.

Wadih ndiye aliyelia. Wadih, niliyemkalisha kwenye kile kiti. Alilia na pua ikimtoka, akajifuta kwa kitambaa cha meza. Sarkis hakulia, alimimina, araki kwanza, maji baadaye, mpaka ikawa nyeupe kama maziwa, taratibu zake zile zile, na kwa mara ya kwanza maishani zile taratibu zake hazikunitia wazimu. Akainua glasi.

"Zaven," akasema.

Ndilo hilo tu, jina langu. Karam akainua yake. "Zaven." Wadih naye akainua yake.

Nilikunywa. Ilinichoma koo lote. Halafu nikagonga meza kwa kiganja, maana mtu hawezi kubadilika katika kila kitu kwa siku moja.

"Januari," nikasema.

"Januari nini?" akauliza Karam.

"Nyinyi watatu mnapima Januari. Na Aprili. Na Julai. Siku yoyote, Jumatatu, Alhamisi, sitaki kujua mmefanya nini na nani. Mimi nimetoka kwenye foleni, mimi nina kidonge changu. Lakini nitakuja. Nitakaa pale kwa Hanadi na kila mmoja nitamshika mkono, waoga nyinyi."

"Na anayejieleza mbele ya meza?" akasema Wadih, pua bado nyekundu.

"Kile kiti nitakipasua leo nikifika nyumbani."

"Ni kiti kizuri," akasema Sarkis.

"Basi ukichukue ukakikalie dukani."

Karam alicheka. Akasimama kwenda kunawa, na suruali ikamshuka, akaidaka kwa mkono. Alikuwa amejilegezea mkanda mpaka tundu la zamani kabisa ili ale, si hili nililomtobolea asubuhi. Aliporudi Abu Anis alikuwa ameshaleta chakula, tabule, homusi, na kibe. Nilikishika kisahani cha kibe nikakigeuza kwenye mwanga kuhakikisha imepikwa. Kisha nikampakulia yeye kwanza, na mkate, vipande viwili.

"Kula," nikamwambia. "Umenitisha."